Siku Ploti Nzima Ilipobaki Bila Milango

Wewe unayehamia nyumba yako ya kwanza mwezi huu, weka hilo godoro chini kwanza unisikilize. Najua una haraka. Umeshapiga picha za sebule ukawatumia marafiki, na umeshachagua ukuta wa kuweka televisheni ambayo bado hujainunua. Lakini je, umefungua bomba? Umevuta maji ya choo ukangoja tangi lijae tena? Umeufunga mlango ukiwa ndani, kisha ukaufunga ukiwa nje? Kama hujafanya hayo, basi bado hujaiona nyumba, umeona rangi tu.

Mimi ni Mama Wambui. Kwa miaka mingi nilikuwa mtunza ploti hapa Umoja, keateka kama mnavyotuita, katika jengo la ghorofa tatu lenye ua katikati na kamba za kuanikia nguo juu ya paa. Sasa nimestaafu. Magoti yalizikataa ngazi, ila mdomo haujastaafu, na wajukuu wangu wakichoka kunisikiliza huwa naandika, maana karatasi haiwezi kuvaa vile vidude vya masikioni.

Watu hudhani keateka ni mtu wa mwenye nyumba. Mwenye nyumba naye hudhani keateka amenunuliwa na wapangaji. Ukweli ni kwamba keateka husimama katikati akipigiwa kelele na pande zote. Maji yakikosekana, ni yeye. Stima ikipotea mtaa mzima, ni yeye, kana kwamba ameificha chini ya kitanda. Niliipenda kazi hiyo hivyo hivyo, na siku nyingine nikipita karibu na lile jengo huwa natazama juu kuona kama kuna mlango ulioanza kulegea.

Kazi nilifunzwa na Mzee Wesonga, aliyeitunza ploti kabla yangu. Alikuwa seremala wa reli, mtu wa Busia aliyeishi Kaloleni maisha yake yote ya Nairobi, na alikuja Umoja kila asubuhi na kisanduku cha vifaa begani na tai shingoni. Ndiyo, tai. Alisema mtu anayeingia nyumba za watu lazima afanane na mtu aliyealikwa. Siku yangu ya kwanza hakunionyesha bomba wala swichi. Alinifunza kubisha mlango. Nilidhani ananitania, mimi mama mzima mwenye watoto, lakini alinisimamisha mbele ya nyumba iliyokuwa tupu akanirudisha tena na tena mpaka akaridhika. Unabisha, unataja jina lako, unasema umeleta nini, kisha unarudi nyuma kidogo ungoje.

Baadaye alinieleza alikojifunza hayo. Zamani alipokuwa bado mgeni katika kazi, alifungua nyumba ya mtu kwa ufunguo wa akiba ili arekebishe bomba la bafuni. Akamkuta mzee wa kanisa sebuleni, amekaa kwenye beseni, anaoga, kwa sababu bomba la bafuni lilikuwa limeharibika, na ndilo Wesonga alilokuja kutengeneza. Mzee wa kanisa akasema Bwana asifiwe. Wesonga akajibu amina, akaufunga mlango taratibu akateremka. Hawakutazamana tena machoni mpaka yule mzee alipohama.

Kwa hiyo shika hilo la kwanza, kijana wangu. Ukishapewa ufunguo, nyumba ni kwako. Kuta ni za mwenye ploti na ana haki ya kuja kuzikagua, lakini atakuambia siku, atabisha, na atangoja. Hata siku hizi ambapo wengi wenu mnalipa kodi kwa simu na hamjawahi kumwona mwenye nyumba, mnamjua ejenti tu, jambo hilo halijabadilika.

Sasa usianze kuvimba kichwa, kwa sababu na wewe una yako. Kulikuwa na kijana mmoja ghorofa ya juu, Brayo, kinyozi, mtoto mwenye roho nzuri na akili ya kuku. Siku moja ya mgao wa maji alifungua bomba, akaona halitoi kitu, akaliacha wazi akaenda zake kunyoa watu. Maji yakarudi mchana. Yakajaa sinki, yakajaa jikoni, yakateremka kwa Baba Njeri aliye chini yake, mfanyakazi wa kaunti ambaye ndiyo kwanza alikuwa amenunua kochi. Kilichoponya kochi ni nailoni ya dukani, ambayo mkewe alikuwa amekataa kuitoa, na ambayo Baba Njeri alikuwa akiilalamikia kila jioni. Nilimfanya Brayo abebe zulia lao mpaka paani, alianike, alirudishe na aombe radhi akiwa na mkate mkononi. Wakawa marafiki hadi leo.

Huyo huyo Brayo alipaka sebule yake rangi ya zambarau. Nilipomuuliza sababu aliniambia ni vaibu. Nikamwambia vaibu ni sawa, lakini siku ya kuhama atairudisha rangi aliyoikuta, na brashi nitamwazima mimi mwenyewe. Ndivyo ilivyo. Bomba likichakaa lenyewe ni shida ya mwenye nyumba. Ukilivunja kwa kuning'iniza ndoo, hilo ni lako. Siku ya kuingia, piga picha kila ufa na kila kioo kilichopasuka, mwenye nyumba au ejenti akiwepo, ili siku ya kutoka msije mkabishana juu ya ufa uliozaliwa kabla yako. Osha ngazi zamu yako ikifika. Na maharagwe yaliyoungua usiyamwage kwenye sinki, nakuomba kwa jina la magoti yangu.

Lakini mimi nilichokipenda kuliko vyote ni milango. Fundi aliyejenga ile ploti alipima kwa macho, na nadhani jicho moja lilikuwa linauma. Hakukuwa na fremu mbili zilizofanana. Moja ilikuwa pana juu, nyingine imeinama, nyingine fupi bila sababu. Mzee Wesonga aliweka bawaba za aina ya kuchomoa, ambazo ukivuta zile pini mlango wote unatoka mkononi mwako. Kila mvua ilipokuja na mbao zikavimba, tuliuteremsha mlango, tukaupiga randa pale unapokwaruza, tukaurudisha. Baada ya miaka ya hivyo kila mlango ulikuwa umeizoea fremu yake tu, kama kiatu kilichozoea mguu. Hayo yakumbuke, tutayahitaji.

Ghorofa ya kwanza, upande wa barabara, aliishi Mama Nekesa. Alikuwa mjane kutoka Bungoma, anauza mapazia ya mitumba sokoni, na alimlea binti yake Nekesa katika nyumba hiyo tangu msichana akiwa na meno ya maziwa. Kodi yake haikuchelewa hata siku moja. Kwenye ngazi zake ungeweza kulia chakula. Kama ningeulizwa mpangaji ni mtu wa namna gani, ningemwonyesha yeye nikanyamaza.

Mwenye ploti alikuwa Mzee Ndung'u. Simchukii, hata leo tunasalimiana kanisani. Yeye na marehemu mkewe waliijenga ile nyumba chumba kwa chumba, na aliipenda kama wengine wanavyopenda ng'ombe wao. Shida yake ilikuwa msemo mmoja ambao haukumtoka mdomoni. Ukimsalimu, ukimuuliza habari ya tangi la maji, ukimpa pole kwa mafua, mwishowe utasikia tu, "Hii ni nyumba yangu." Sasa mpwa wake alikuwa ameoa, na Mzee Ndung'u, katika furaha ya harusi, akamwahidi mbele za watu nyumba ya ghorofa ya kwanza yenye roshani. Hakukumbuka kwamba kuna mtu ndani.

Jumatatu alimkuta Mama Nekesa kwenye ngazi akamwambia, huku akitazama pembeni, kwamba ikifika Jumamosi awe ametoka. Kwa mdomo tu, hivyo hivyo. Mama Nekesa aliweka mzigo wake chini. Alimwambia kwa heshima kwamba kama anaitaka nyumba, ampe notisi kwa maandishi na mwezi mzima, naye atatoka bila kelele, na kama hawataelewana kuna ofisi ya serikali ya kuamua mambo ya kodi. Alijua alichosema. Mwenye nyumba hawezi kukuamsha asubuhi na kukutoa jioni. Hawezi kukukatia maji, kung'oa mabati wala kutoa mlango ili uchoke uondoke mwenyewe. Nawe hali kadhalika huwezi kutoweka usiku na vyombo vyako. Unampa notisi yake kama unavyotaka akupe yako.

"Halafu Jumamosi nina wageni, Mzee," akamalizia.

Mzee Ndung'u akajibu kwamba hii ni nyumba yake.

Wageni hao ndio kiini cha mambo yote, kwa hiyo nipe nafasi niwaeleze. Nekesa alikuwa amepata mchumba, kijana wa Murang'a, na Jumamosi hiyo wazee wa kijana na mama zake walikuwa wanakuja kwa mara ya kwanza kujua nyumbani kwa msichana. Walikuwa wamekubaliana kwenda Bungoma, lakini bibi mmoja wa upande wa kijana hakuweza safari ndefu, ikaamuliwa waje Umoja, ambako Nekesa alikulia. Mimi ni mtu wa Murang'a. Ni mimi niliyemweleza Mama Nekesa jinsi watu wetu wanavyokuja. Hawaingii tu kama watu wa kukodisha viti. Akina mama husimama nje ya mlango uliofungwa na vikapu vyao, wakiimba kuomba wafunguliwe, na wa ndani huwajibu kwa wimbo, wakiringa, wakiuliza nyinyi ni akina nani na mmeleta nini, mpaka wenye nyumba waridhike ndipo mlango ufunguliwe. Usipofungwa na kufunguliwa mlango, hakuna wimbo, na pasipo wimbo ni kama watu wamekuja kukopa chumvi. Mama Nekesa alilipenda jambo hilo. Shangazi za Nekesa walifika kutoka Bungoma siku mbili mapema wakawa wanafanya mazoezi ya kujibu, na sauti zao zilifika mpaka kituo cha mafuta.

Ijumaa Mzee Ndung'u aliniita akaniamuru nikautoe mlango wa Mama Nekesa. Nilisikia masikio yakipata moto. Nilimwambia kwamba kazi niliyofunzwa na Mzee Wesonga ni ya kuweka milango, na mlango wa mtu aliye ndani kwa haki yake sitauteremsha, hata akitaka kutafuta keateka mwingine. Akasema atatafuta. Nilikwenda nyumbani nikapika ugali mgumu hata watoto wakaniuliza nimekosana na nani.

Jumamosi asubuhi alikuja na fundi wake. Zile bawaba za kuchomoa za Mzee Wesonga, tulizoweka ili kumrahisishia mpangaji, ndizo zilizomrahisishia yule fundi. Akavuta pini, mlango ukatoka. Mzee Ndung'u hakutaka kuuacha stoo kwa sababu alijua nina ufunguo. Aliupakia kwenye pikapu yake, akaondoka nao kwenda kunywa chai.

Nilipanda nikamkuta Mama Nekesa amesimama mbele ya lile tundu, mikono imejaa unga wa chapati. Nyuma yake shangazi walikuwa wamenyamaza, jambo ambalo sikulijua kuwa linawezekana. Nekesa alikuwa chumbani anasukwa nywele. Mama yake alinitazama, wala hakutaja sheria, wala hakumtaja Mzee Ndung'u.

"Mama Wambui," akasema, "wataimbia wapi?"

Nilitamani kulia. Mwanamke huyu alikuwa ameishi hapo miaka yote hiyo ili siku kama hii ikifika mtoto wake apokelewe akitoka nyumbani, si akitoka mahali panapofukuzwa watu. Wageni wangekuta tundu. Wangerudi Murang'a na kusema kwa upole, maana watu wetu husema mabaya kwa upole, kwamba msichana ni mzuri lakini kwao hakuna mlango.

Shangazi mmoja akapendekeza pazia. Mapazia tulikuwa nayo ya kutosha kuifunika Umoja nzima. Tulitundika moja la maua, zuri kweli, upepo ukalipiga likatufunika wote watatu. Pazia halibishiki.

Ndipo Brayo alipoteremka kutoka ghorofa ya juu. Alikuwa amebeba mlango wa nyumba yake kichwani.

"Mathe, weka huu," akaniambia. "Kwangu hakuna kitu ya kuibiwa, ni zambarau tu."

Tuliujaribu. Ulikuwa mpana, haukuingia hata kwa kusukumwa. Baba Njeri, aliyekuwa amesimama kwenye ngazi akiwa na kikombe, akaweka kikombe chini, akachomoa pini zake, akauleta wake. Ulikuwa mfupi, kuku angepita chini bila kuinama. Jirani wa mkono wa kushoto akaleta wake. Wa mkono wa kulia akaleta wake. Habari ikapanda na kushuka ngazi, na kila aliyesikia akatoa mlango na kuuleta, tukaujaribu, ukakataa, tukauteremsha uani kupisha mwingine. Milango ikaegemezwa ukutani, ikaegemezwa kwenye tangi, mingine ikalazwa juu ya masinki ya kufulia. Nyumba zote zilibaki wazi, na watoto wakawa wanapita wakitazama kochi la Baba Njeri, ambalo bado lilikuwa na nailoni.

Mwishowe niliukagua ule wa Baba Njeri nikaona kwamba nikiukata upande na kuongeza ubao chini, utakaa. Lakini nikiupiga randa hivyo hautarudi tena kwake, na mkewe alikuwa amesimama pale akisikiliza. Nilimweleza Baba Njeri hivyo.

"Piga randa tu, Mama Wambui," akasema. "Yetu tutaiona Jumatatu."

Mkewe akaitikia kwa kichwa. Nimefanya kazi na wapangaji wengi, nimewahi kuwatukana kimoyomoyo wote kwa pamoja, lakini saa hiyo niliwapenda. Nikaushika mlango, nikaweka randa.

Kabla sijavuta mara ya kwanza, tulisikia pikapu ikisimama getini. Mzee Ndung'u aliingia kwa miguu kuja kuona kama Mama Nekesa ameanza kufunga mizigo. Akaikuta milango ya ploti yake yote uani na wapangaji wake wote wamesimama katikati ya milango. Alitazama juu, akaona tundu baada ya tundu. Nilimwona akifikiri, na alichofikiri kilikuwa usoni mwake wazi kabisa. Alidhani tunahama wote.

Akauliza tunakwenda wapi. Kusema kweli hakuna aliyekuwa anakwenda popote. Brayo ndiye aliyemjibu.

"Mzee, tumekusaidia job. Usilipe fundi tena. Zote ziko nje."

Mzee Ndung'u alivua kofia, akaivaa tena. Nadhani alikuwa anaiona ploti yake bila mtu, upepo ukipita sebuleni mwote, na ile sentensi yake ikirudi masikioni mwake bila kusikiwa na yeyote.

Hapo ndipo wimbo ulipoanza nje ya geti. Wageni wa Murang'a walikuja saa ile ile waliyoisema, jambo ambalo hakuna mtu wa Nairobi aliyekuwa amejiandaa nalo. Baba mkubwa wa Nekesa, aliyepaswa kuwapokea, alikuwa bado kwenye basi kutoka Bungoma akipiga simu kutuambia yuko karibu, na sauti ya simu ilionyesha wazi kwamba hayuko karibu. Geti lilikuwa wazi, ni Mzee Ndung'u mwenyewe aliyeliacha hivyo. Mzee wa wageni, mwenye koti zito na fimbo, akatazama ndani akitafuta mwanamume wa makamo yake wa kumsalimu. Akaona wapangaji wamejaa vumbi la mbao, akamwona Mzee Ndung'u na kofia yake. Akamwendea moja kwa moja, akamshika mkono, akamuuliza kwa Kikuyu kama hapa ndipo nyumbani kwa Nekesa.

Nyinyi vijana huenda msijue uzito wa swali hilo. Mzee Ndung'u aliujua. Yeye mwenyewe alikuwa ameozesha mabinti. Jibu analolitoa mzee siku hiyo, kwa watu waliokuja na nyimbo, halirudishwi mfukoni kesho yake. Alitazama juu ghorofa ya kwanza. Mama Nekesa alikuwa ametoka akasimama kwenye lile tundu, ameshanawa unga, amevaa gauni lake la kijani, ametulia kama mtu anayengoja majibu ya hospitali.

"Ni hapa," Mzee Ndung'u akasema. "Ni hapa kwao. Karibuni."

Aliyasema kwa sauti, na kwa Kiswahili, ili wote tusikie. Kisha, kwa sababu mzee wa wageni alikuwa ameuona mlango kwenye pikapu na kuuliza ni wa nini, akasema ni wa pale juu, ulikuwa umepelekwa kutengenezwa kwa ajili ya ugeni. Nilimwachia uongo huo. Alikuwa ameulipia.

Vijana wa upande wa bwana harusi hawakungoja kuambiwa. Waliunyanyua ule mlango mabegani wakaupandisha ngazi huku mama zao wakiimba nyuma yao, na shangazi wa Bungoma wakapiga vigelegele kutoka juu hata kuta zikaitikia. Hadi leo watu wa Murang'a wanaamini kwamba huko Bungoma mkwe hupelekewa mlango. Watu wa Bungoma nao wanaamini ni desturi ya Murang'a, na wanaisifu sana. Sijawahi kuwasahihisha.

Niliuweka mwenyewe. Pini ziliingia bila kugongwa. Mlango ukakaa kwenye fremu yake yenye wazimu kana kwamba haujawahi kutoka, nikausukuma ukafungika kwa mlio ule ule niliouzoea. Wageni nje, wenyeji ndani. Wakaimba. Wakajibiwa. Shangazi waliringa kupita kiasi, waliuliza maswali ambayo hatukuyafanyia mazoezi, mpaka yule bibi asiyeweza safari ndefu akasema kwa wimbo kwamba miguu yake inaomba kiti. Ndipo Mama Nekesa alipofungua.

Huku sisi wengine tulikuwa uani tukitafuta mlango wa nani ni upi. Brayo aliondoka na wa jirani, jirani akaondoka na wa Baba Njeri, na ilinichukua alasiri nzima na sahani mbili za kuku kuirudisha yote.

Mtataka kujua kama Mama Nekesa alihama. Alihama miaka kadhaa baadaye, alipopata kiwanja chake upande wa Komarock. Alitoa notisi kwa maandishi, mwezi mzima, akazipaka kuta rangi na kuniachia mabomba yote yakiwa hayavuji. Yule mpwa alipata nyumba nyingine nyuma ya ploti na hakujua kamwe kwamba nusura atuharibie siku. Na Mzee Ndung'u hakunifukuza kazi. Alisema keateka mwingine angemaliza mwaka mzima akitafuta mlango wa nani ni upi.

Lakini nataka mmalize mkiwa pale ghorofa ya kwanza, jioni ya Jumamosi hiyo, nilipokuwa nimekaa karibu na mlango na kuku wangu. Chai ilikuwa inapita. Mzee Ndung'u alikuwa ameteremka kuisogeza pikapu ili basi dogo la wageni lipite, na aliporudi akakuta mtu amefunga mlango. Ufunguo wa akiba alikuwa nao mfukoni, nami nilijua anao. Tukasikia mtu akibisha, taratibu.

"Nani?" Mama Nekesa akauliza.

Tukasikia sauti ya viatu vikirudi nyuma.

"Ni Ndung'u," sauti ikasema. "Nimeleta maziwa ya chai. Naomba kuingia."

Mama Nekesa alijipangusa mikono, akainuka, akaenda kumfungulia.